Moshi Unaenda Wapi? Somo Kutoka Kwenye Barafu ya Ncha za Dunia

 

Naanza na kisa kidogo. Jumamosi moja vijana wa parokia tulikuwa tunafanya usafi baada ya harusi kubwa. Unajua hali ilivyo baada ya harusi: vikombe vya plastiki, chupa za soda, mapambo, viti viwili vitatu vilivyovunjika. Tukakusanya vyote nyuma ya ukumbi, tukamwagia mafuta ya taa kidogo, tukawasha. Moshi mweusi ukapanda. Mtoto mmoja wa Utoto Mtakatifu alikuwa amesimama pembeni anauangalia, akaniuliza, "Kaka, huo moshi unaenda wapi?" Nikamjibu bila kufikiri, "Unapotea tu."

Jibu lile limenisumbua. Kwa sababu si kweli. Hakuna kitu kinachopotea tu. Kuna mahali duniani panapotunza kumbukumbu ya moshi, vumbi na sumu zetu, mwaka hadi mwaka, kwa maelfu ya miaka. Mahali hapo ni kwenye barafu ya Greenland kule kaskazini na Antaktika kule kusini. Leo tujifunze kuisoma barafu hiyo, halafu tujiulize inatuambia nini sisi tunaojiita walinzi wa kazi ya Mungu.

1. Barafu inaandikaje?

Kwenye ncha za dunia theluji huanguka lakini haiyeyuki yote. Ya mwaka huu inaifunika ya mwaka jana, ya mwaka jana ilishaifunika ya mwaka juzi. Fikiria chapati kwenye hotipoti: ya kwanza kupikwa iko chini kabisa, ya mwisho iko juu. Uzito wa theluji ya juu unaikandamiza ya chini mpaka inakuwa barafu ngumu. Hapo katikati, hewa iliyokuwa kati ya chembe za theluji inafungiwa ndani kama viputo vidogo. Basi ukipata barafu ya kale, umepata na hewa ya kale yenyewe, ile iliyovutwa na watu wa zamani.

Wanasayansi hutumia mashine yenye bomba refu na meno ya kukatia, wakatoa nguzo ndefu za barafu, kipande baada ya kipande. Katika kila kipande wanatafuta mambo kadhaa.

Kwanza, maji yenyewe. Kuna maji mepesi na maji mazito kidogo, kutegemea aina ya oksijeni iliyomo. Wakati wa baridi kali, maji mazito huwahi kudondoka njiani, hivyo theluji inayofika nchani huwa na machache zaidi. Ukipima uwiano huo unajua kulikuwa na baridi au joto kiasi gani. Aliyefungua njia hii ni Mdenmark Willi Dansgaard. Mwaka 1952 alianza kukinga maji ya mvua nyumbani kwake Copenhagen kwa chupa ya bia na mpare! Kutoka chupa ile akafika mpaka kwenye barafu ya Camp Century, Greenland, ambako mwaka 1966 wachimbaji walifika kwenye mwamba, karibu mita 1,390 chini.

Pili, viputo vya hewa. Mfaransa Claude Lorius alikuwa Antaktika mwaka 1965. Jioni moja baada ya kazi, yeye na wenzake walitia vipande vya barafu ya kale kwenye glasi za wiski. Barafu ikaanza kuyeyuka, viputo vikapasuka, na Lorius akapata wazo: hii ni hewa ya zamani inatoka mbele ya macho yetu. Kwa nini tusiipime?

Tatu, uchafu: vumbi, majivu ya volkano, metali. Mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka mwaka 1815, na alama ya mlipuko ule imo kwenye barafu ya kaskazini na ya kusini. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 nayo yameacha mionzi yake. Hakuna aliyetaka kuacha alama hizo. Zimebaki tu.

2. "Lakini hali ya hewa ilibadilika hata zamani!"

Hoja hii utaisikia sana, na ukweli ni kwamba barafu inaikubali. Barafu ya Vostok, kituo cha Warusi huko Antaktika, imetupa historia ya miaka kama 420,000. Ile ya mradi wa Ulaya unaoitwa EPICA, iliyochimbwa mpaka mwaka 2004 kwa kina cha zaidi ya mita 3,200, imefika miaka 800,000. Na Januari 2025 wachimbaji wa Ulaya walitangaza wamefika kina cha mita 2,800 mahali paitwapo Little Dome C, kwenye barafu yenye zaidi ya miaka milioni 1.2.

Historia hiyo inaonyesha dunia ikiingia kwenye vipindi virefu vya baridi na kutoka tena, mara nyingi, kabla ya gari wala kiwanda. Mizunguko ya dunia kulizunguka jua inabadilika polepole, na hiyo ndiyo huanzisha mabadiliko. Kwa hiyo mtu akikuambia hali ya hewa ilibadilika zamani, usibishane naye. Mwambie ndiyo. Halafu muombe asome mstari unaofuata.

Mstari wenyewe ni huu. Katika miaka 800,000 yote, hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) ilikuwa inapanda na kushuka kati ya sehemu kama 170 na 300 katika kila milioni ya hewa. Kabla ya viwanda kuanza ilikuwa kama 280. Leo imepita 420. Dunia ilipotoka kwenye baridi kuu ya mwisho, hewa hiyo iliongezeka kwa sehemu zisizofika 100, na ilichukua maelfu ya miaka. Sisi tumeongeza zaidi ya 140 katika miaka isiyofika 300. Kinachowashtua wanasayansi ni kasi. Mtu anayeshuka ngazi na mtu anayeanguka kutoka ghorofani wote wanafika chini, si ndiyo? Lakini hawafiki wakiwa na hali moja.

Hata kwetu kazi hii ilifika. Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State ilichimba barafu ya kilele cha Kilimanjaro, ikaishusha ili isomwe kabla haijaisha. Wengi wetu tunaitazama barafu ile kwenye picha na kwenye kalenda za ukutani. Inazidi kupungua.

3. Dinari ya Kaisari imo kwenye barafu

Hapa ndipo nilipokaa kimya kidogo nilipokuwa najifunza somo hili.

Unakumbuka katika Injili Yesu anaombwa kutoa maoni kuhusu kodi, naye anaomba aonyeshwe sarafu? Ile dinari ilikuwa ya fedha. Fedha kwa kawaida haichimbwi ikiwa safi. Mara nyingi hupatikana pamoja na madini ya risasi, na ili kuitenga lazima uyeyushe mawe kwa moto mkali. Warumi walifanya hivyo kwa wingi, hasa katika migodi ya Hispania. Moshi wa tanuru ulikuwa na risasi, upepo ukaubeba, na sehemu yake ikaanguka na theluji huko Greenland.

Watafiti waliotoa matokeo yao mwaka 2018 walipima risasi hiyo kwenye barafu ya Greenland, karibu mwaka kwa mwaka, kuanzia kama mwaka 1100 kabla ya Kristo hadi mwaka 800 baada ya Kristo. Wakati wa amani na biashara, risasi inapanda. Wakati wa vita na tauni kubwa, inashuka. Yaani uchumi wa dola nzima umeandikwa kwenye theluji ya nchi ambayo Warumi wenyewe hawakuijua. Kama yule mfua fedha wa Hispania angeulizwa moshi unaenda wapi, nadhani angejibu kama mimi: unapotea tu.

Sisi wa zamani hizi tukawazidi mbali sana. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni zilianza kuchanganya risasi kwenye petroli ili injini zisigonge. Ilijulikana kwamba risasi ni sumu, lakini watu waliambiwa kiasi hicho ni kidogo na ni cha kawaida. Aliyekataa jibu hilo ni Mmarekani Clair Patterson. Huyu ndiye aliyetupa mwaka 1956 umri wa dunia, miaka kama bilioni 4.55. Katika kazi ile alisumbuliwa na kitu kimoja: kila alichopima kilikuwa na risasi nyingi kuliko alivyotarajia. Ilikuwa kwenye vumbi, kwenye vyombo, kwenye nywele na ngozi yake mwenyewe. Ikabidi ajenge maabara safi kupita kawaida, na yeye na wenzake wajifunike mwili mzima, ndipo apate vipimo vya kuaminika.

Zingatia hapo. Ili apime uchafu wa dunia ilibidi kwanza aondoe uchafu wake mwenyewe. Yeyote aliyewahi kupiga foleni ya kitubio anaelewa.

Patterson na wenzake wakaenda kwenye theluji ya Greenland na ya Antaktika, wakakata vipande vikubwa, wakaondoa pande za nje zilizoguswa na vyombo, wakapima kiini. Walichochapisha mwaka 1969 ni kwamba risasi kwenye theluji ya Greenland ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara 200 tangu nyakati za kale, na kupanda kukubwa zaidi kulitokea baada ya petroli yenye risasi kuanza. Kwa msimamo wake alipoteza wafadhili na akawekwa pembeni kwenye vikao muhimu. Hakunyamaza.

4. Maziwa ya mama

Labda unasema: sawa, risasi kidogo kwenye theluji, inamdhuru nani? Ncha za dunia hakuna watu. Antaktika kweli haina wenyeji, ingawa mwaka 1966 watafiti walishatangaza kwamba wamekuta dawa ya wadudu ya DDT kwenye miili ya pengwini wa huko, na mwaka 2022 wengine wakatangaza chembe za plastiki kwenye theluji mpya iliyoanguka Antaktika. Lakini kaskazini kuna watu. Kuna Wainuiti, ndugu zetu wanaoishi Greenland, kaskazini mwa Kanada na Alaska kwa kuvua na kuwinda sili na nyangumi.

Miaka ya 1980 daktari mtafiti Eric Dewailly wa Quebec, Kanada, alikuwa anapima kemikali kwenye maziwa ya akina mama wa mijini kusini. Alitaka maziwa safi ya kulinganishia. Ni nani atakuwa na maziwa safi kuliko wanawake Wainuiti, walio mbali na viwanda vyote? Majibu yakaja kinyume. Maziwa yao yalikuwa na PCB, kemikali iliyotumika kwenye mafuta ya transfoma, kama mara tano zaidi ya wale wa kusini.

Imekuwaje? Sumu za aina hii haziozi haraka. Kwenye nchi za joto au wakati wa kiangazi zinapaa na hewa, zikikutana na baridi zinashuka, kukipata joto zinapaa tena. Zinarukaruka kama panzi mpaka zinafika kwenye baridi ya kudumu, na hapo zinakaa. Kisha zinaingia kwenye vijimea vya bahari, samaki wadogo wanavila, samaki wakubwa wanawala wadogo, sili anawala samaki. Kila hatua sumu inajikusanya kwenye mafuta ya mnyama. Mwisho wa mlolongo ni mama mwenye mtoto kifuani. Mama huyo hajawahi kuwa na kiwanda.

Madaktari waliendelea kuwashauri akina mama wanyonyeshe, maana faida ya maziwa ya mama ni kubwa. Lakini fikiria mzigo huo moyoni mwa mama.

Sasa sikiliza hili, maana limefika mpaka Nairobi. Mwaka 1999 mataifa yalikutana Nairobi kujadili mkataba wa kupiga marufuku sumu hizi. Kiongozi wa Wainuiti wa Kanada, mama Sheila Watt-Cloutier, alikuja na kinyago kidogo kilichochongwa na watu wake: mama na mtoto. Akamkabidhi mkuu wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na kinyago kile kikawa mbele ya wajumbe katika mazungumzo yaliyofuata. Wanaume kwa wanawake wenye tai na makabrasha wakawa wanabishana mbele ya mama na mtoto. Sisi Wakatoliki tunaijua sura hiyo. Tunapiga magoti mbele yake kila siku.

Na kulikuwa na ugumu wa kweli. DDT ilikuwa inafika kaskazini na kumdhuru mama Mwinuiti. Lakini DDT hiyo hiyo ilikuwa inaua mbu wa malaria, na mama wa Afrika aliyezika mtoto kwa malaria angekuambia asingependa aondolewe silaha yake. Mama gani asikilizwe? Wainuiti hawakudai usalama wa watoto wao kwa gharama ya watoto wetu. Mkataba uliotiwa saini Stockholm mwaka 2001, na kuanza kazi mwaka 2004, ulizibana kemikali 12 za kwanza, lakini ukaacha nafasi ya kutumia DDT dhidi ya wadudu wa magonjwa mpaka njia nyingine salama zipatikane. Huo ndio upendo wa jirani ukiandikwa kwa lugha ya sheria. Nimewaza sana juu ya akina mama hawa wawili ambao hawatakutana kamwe.

5. Barafu iliandika na toba

Kama somo lingeishia hapa tungekata tamaa. Halikuishia hapa.

Marekani na nchi nyingine zilianza kupunguza risasi kwenye petroli miaka ya 1970. Mwaka 1991 watafiti walichapisha vipimo vipya vya theluji ya Greenland: katika miaka kama 20, risasi ilikuwa imeshuka zaidi ya mara saba. Barafu ile ile iliyotushtaki ikaandika kwamba tumeacha. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, kwa kampeni iliyoongozwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapo hapo Nairobi. Nchi ya mwisho duniani kuiuza ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Sumu nyingi za zamani zilizobanwa na mkataba wa Stockholm nazo zimekuwa zikipungua kwa watu na wanyama wa kaskazini.

Kwa hiyo usimkubalie anayesema hakuna kinachobadilika. Kitubio cha kweli kina sehemu tatu tunazofundishwa tangu Komunyo ya kwanza: kujuta, kuungama na kufanya malipizi. Patterson na wenzake walitusaidia kuungama. Kuondoa risasi ilikuwa malipizi. Na matokeo yake yanapimika kwa gramu.

Hata hivyo tuwe wakweli: tabaka za chini hazijafutika. Miaka ile mibaya bado imo, na itakuwamo. Msamaha haufuti historia, unabadilisha kinachofuata.

6. Turudi nyuma ya ukumbi

Kati ya zile kemikali 12 za kwanza imo daioksini. Hii haitengenezwi kwa makusudi. Inatokea, kati ya njia nyingine, pale taka za plastiki zinapochomwa ovyo kwa moto mdogo wa wazi. Yaani tulichofanya sisi ile Jumamosi.

Sisemi kwamba moshi wa parokia yetu ndio umechafua Greenland. Sehemu kubwa ya uchafu wa kule umetoka nchi tajiri zenye viwanda, na haki inadai tulitaje hilo. Lakini moshi wetu ulimpitia kwanza yule mtoto aliyekuwa amesimama pale, na bibi anayekaa jirani na ukuta wa kanisa. Kabla haujafika mbali, ulishafika kwa jirani.

Papa Fransisko alipoandika waraka wa Laudato si' mwaka 2015 aliiita dunia nyumba yetu ya pamoja. Nyumba ya pamoja maana yake ukiwasha moto chumbani kwako, wa chumba cha pili anakohoa. Katika kitabu cha Mwanzo Kaini alidhani jambo lake limeishia shambani, kumbe ardhi ilikuwa inasema. Barafu nayo inasema.

Mazoezi ya wiki hii

Chukua daftari, kaa dakika kumi kwa utulivu, ujibu kwa ukweli:

1. Ni kitu gani nyumbani, shuleni au parokiani tunakitupa au kukichoma tukisema "kinapotea tu"? Kinaenda wapi? Kinamfikia nani kwanza?

2. Ni mahali gani maishani mwangu nimeambiwa "ni kidogo, ni kawaida" nikakubali bila kupima?

3. Kuna mtu wa mbali anayebeba mzigo wa starehe yangu? Ninaweza kumtaja?

4. Pamoja na vijana wenzangu, tutafanya nini kuhusu taka za sherehe za parokia? Kutenganisha chupa kwa ajili ya wanunuzi wa plastiki ni mwanzo. Kukodi vikombe vya kuoshwa ni mwanzo mwingine. Andikeni jambo moja tu, mlifanye.

Sisi tulianza na hilo la vikombe. Haikuwa rahisi, kuosha vikombe mia tatu usiku si mchezo, na wawili walinuna. Yule mtoto nilimtafuta baada ya Misa, nikamwambia nilimjibu vibaya siku ile, kwamba moshi haupotei, unaenda kwa watu. Akaniangalia akauliza, "Sasa mbona mliwasha?"

Sikuwa na jibu zuri. Nimemwambia hatutawasha tena.